Bunduki za askari wa 1916 kwa onyesho la Tabora: za kumiliki na za kuacha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Tabora mjini. Kikundi chetu cha sanaa kinaandaa onyesho la mapigano ya Septemba 1916, Wabelgiji walipoichukua Tabora mikononi mwa Wajerumani. Tutaonyesha hapa, kisha tutapeleka Kigoma kwa treni. Ningependa kumiliki bunduki ya kijeshi ya wakati ule, au mpya iliyotengenezwa kwa mtindo wa zamani, kama walivyonazo wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaofanya maonyesho ya namna hii. Mtandaoni zinauzwa, na nyingine wanasema zinatoa moshi na mlio tu. Sheria yetu inaniruhusu? Halafu kuna gobore la marehemu babu huko Urambo, halijafyatuliwa miaka mingi na nadhani limeshaharibika. Naweza kulitumia jukwaani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kuua mtu wiki hii.

Gobore la babu usiliguse. Usilipanguse, usilikoki kuwaonyesha wadogo zako, usilifunge kwenye pikipiki kulileta mjini. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Bunduki ya kushindilia iliyosheheniwa babu akiwa na nguvu zake inaweza kuwa imesheheni mpaka leo, na huwezi kujua kwa kuitazama. Bunduki ya kisasa unavuta mkono, risasi inatoka nyuma. Gobore halina mlango wa nyuma: kilichoshindiliwa kwa mdomoni kinatoka kwa mdomoni, na njia nyepesi ya kukitoa ni kufyatua. Mwindaji aliyekosa mnyama hakupenda kupoteza baruti yake, basi aliondoa fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, akalitundika likiwa limejaa. Anayelikuta ukutani anaona fataki haipo, anaamini liko tupu. Na hilo la kwamba limeharibika linaongeza hatari, kwa sababu mtutu uliolika na kutu ukipata moto unaweza kupasukia usoni kwa aliyelishika.

Kwa hiyo fanya hivi. Chumba kifungwe. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mwende naye kituo cha polisi mtoe taarifa, na muwaombe polisi waje kulichukua wenyewe hapo lilipo. Kama babu alikuwa na leseni, itafuteni kwenye makaratasi yake, lakini mjue leseni hairithiwi pamoja na ng'ombe na shamba. Mwenye leseni akifariki, silaha inakwenda polisi, na anayeitaka katika ukoo anaanza maombi yake mwenyewe kwa jina lake. Kama hakuwa na leseni, msiogope kwenda. Miaka ya karibuni Wizara ya Mambo ya Ndani imetangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila mtu kushtakiwa, na hata nje ya vipindi hivyo, familia iliyokwenda kituoni kwa miguu yake inasikilizwa tofauti na ile iliyokutwa na gobore uvunguni. Msijitetee mapema kwamba halifyatui. Kazi ya kusema kitu hiki ni silaha au si silaha ni ya polisi na mtaalamu wao.

Sasa nije kwenye sheria ya kumiliki.

Silaha za raia nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoifuta ile ya Silaha na Risasi, Sura ya 223. Msajili wa Silaha yuko ndani ya Jeshi la Polisi. Kumiliki, kununua, kuuza, kuingiza nchini, kutengeneza na kukarabati, kila kimoja kina kibali chake. Mwombaji hupimwa mwenendo, afya ya akili na rekodi yake ya makosa, na hutakiwa kuwa na cheti cha umahiri, yaani amefundishwa na amepimwa kutumia silaha. Maombi yanaanzia kwa wanaokufahamu, serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda kata, yanafika kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na kamati za usalama, ndipo yanakwenda kwa Msajili. Silaha za kivita zinazomimina risasi zenyewe raia hapewi, awe na sababu nzuri kiasi gani.

Bunduki ya askari wa 1916 haimimini risasi zenyewe. Ni ya kukoki kwa mkono, risasi moja kila unapofyatua, na wako Watanzania wenye leseni za raifali za kukoki namna hiyo kwa ajili ya uwindaji. Hivyo sitakuambia kwamba mlango umefungwa kabisa. Lakini fikiri mbele kidogo. Ofisa atakayesoma fomu yako atauliza unaitaka ya nini, na majibu yaliyozoeleka ni kujilinda, kuwinda na mchezo wa kulenga shabaha. Onyesho la historia hajalizoea. Ukiandika kuwinda huku moyoni unajua ni ya jukwaani, umedanganya kwenye fomu ya silaha, na hapo hata wewe mwenyewe umejionyesha kuwa hufai kupewa.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo, na ndilo lingetosha kukushawishi uachane na wazo hili. Leseni ni ya mtu mmoja. Uigize mapigano ya Itaga na waigizaji ishirini, wewe peke yako ndiye mwenye ruhusa ya kuishika bunduki hiyo. Huwezi kumpa mwenzako aibebe mnapobadilishana nafasi, huwezi kuiacha nyuma ya pazia ukaenda kuvaa, huwezi kuisafirisha kama mzigo wa kikundi. Utakuwa umetafuta kibali mwaka mzima, umelipa fedha ndefu, na kikundi bado kina mikono kumi na tisa mitupu.

Nimefanya kazi ya ufundi wa silaha jeshini, na tangu nistaafu nimevisaidia vikundi kadhaa vya maigizo. Ninachoamini ni hiki: onyesho la vita halihitaji bunduki inayoweza kuua. Linahitaji bunduki yenye umbo sahihi, uzito sahihi, na mtu anayejua askari wa zama zile aliishika vipi. Hayo matatu yote mnaweza kuyapata Tabora bila kwenda kwa Msajili.

Wenzetu unaowaona mtandaoni wako chini ya sheria nyingine, na ni vizuri uelewe tofauti yake usije ukaagiza mzigo wa matatizo. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaihesabu bunduki iliyotengenezwa hadi mwisho wa 1898 kuwa ya kale, na haiiweki kwenye kundi moja na silaha za kawaida. Ndiyo maana unaona Mauser ya 1871 inauzwa huko kama saa ya ukutani. Italia, hasa bonde la Gardone Val Trompia, kuna viwanda kama Pedersoli na Uberti vinavyotengeneza upya bunduki za kale, na hizo zinafyatua kweli. Hispania kuna Denix, wanaotengeneza mifano ya chuma na mti isiyo na uwezo wa kuingiza risasi. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni ya pamoja ya namna ya kuilemaza silaha halisi, mtutu unazibwa na vyuma vya ndani vinachomelewa, kisha inapewa cheti. Kila moja kati ya hizi ina jina lake na masharti yake huko kwao. Ikifika bandarini Dar es Salaam au uwanja wa ndege, cheti cha Ulaya hakimfungi ofisa wa hapa. Anachokiona ni bunduki kwenye boksi, na ana haki ya kuizuia mpaka polisi waseme neno. Na usidhani umri utaisaidia: gobore ni silaha ya kizamani kuliko hizo zote, na watu wanashtakiwa kila mwaka kwa kukutwa nalo bila kibali.

Hizo za moshi na mlio nazo nizisemee, kwa sababu najua zinavutia. Risasi baridi haina kichwa cha risasi, lakini baruti iko ndani, na gesi yake inatoka mdomoni kwa nguvu, pamoja na moto na vipande vya kizibo. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alijielekezea kichwani kwa mzaha bastola yenye risasi baridi, akaifyatua. Nguvu ya gesi ilivunja fuvu, akafariki siku chache baadaye. Ndiyo maana vikundi makini vya Ulaya na Marekani vina taratibu ngumu. Kila bunduki inakaguliwa kabla ya onyesho. Hakuna anayemlenga mtu moja kwa moja; mtutu unainuliwa juu au unaelekezwa pembeni. Kwa bunduki za kushindilia, mdeki, ile fimbo ya kushindilia, hautumiki kabisa uwanjani, kwa sababu mtu akiusahau ndani ya mtutu anakuwa amefyatua mkuki. Kuna umbali maalumu ambao ndani yake hakuna kufyatua. Watu wale wamefanya haya miaka mingi, wana wakaguzi, wana bima, na bado wanaumia. Kikundi kinachoanza hakina sababu ya kupita njia hiyo. Zaidi ya hayo, risasi baridi na baruti vina vibali vyake tena, mbali na vya bunduki.

Sasa tuje kwenye raha yenyewe ya kazi hii. Ni bunduki gani ilikuwa Tabora mwaka 1916?

Makundi mengi ya maigizo hapa nchini hukosea papo hapo. Unaona askari wa Kijerumani ameshika mfano wa AK, silaha iliyoundwa miaka ya 1940. Mtazamaji aliyepita JKT anaijua mara moja, na kuanzia hapo haamini kingine chochote unachomwonyesha.

Vita vilipoanza Agosti 1914, makampuni mengi ya Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, yalikuwa na Mauser ya mwaka 1871. Ni bunduki ya milimita 11, ndefu, kati ya mita 1.2 na 1.35 kutegemea aina, yenye uzito wa kilo 4.5 hivi. Haina magazini. Askari anainua mkono wa kukoki, anauvuta nyuma, na hapa ndipo penye jambo zuri kwa mwigizaji: bunduki ile haikuwa na kifaa cha kurusha ganda nje. Ganda lilitoka kwenye chemba, pale risasi inapokaa, likabaki limelala pale wazi, na askari alipaswa kuipindua bunduki ubavu ili lidondoke. Kisha anachukua risasi nyingine kwenye kibweta cha kiunoni, anaiweka kwa vidole, anasukuma mkono mbele, anaulaza, analenga. Fundisheni mwendo huo mpaka mikono iuzoee: inua, vuta, pindua, weka, sukuma, laza. Mtazamaji hajui jina la bunduki ile, lakini akiona watu kumi wanapindua bunduki zao kwa pamoja kumwaga maganda, anaelewa kwamba mtu yule hakuwa na risasi nyingi za kuchezea.

Tena Mauser 71 ilitumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu jeupe mbele ya uso wa aliyefyatua. Hakuona alichopiga, na adui aliona alikojificha. Askari wenye silaha mpya zisizotoa moshi walifaidika sana na hilo. Silaha mpya zilifika kwa taabu: meli ya Rubens ilipenya kizuizi cha Waingereza ikafika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, ikiwa na Mauser 98 na risasi zake, meli nyingine, Marie, ikafika Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916. Mauser 98 ni ya milimita 7.92, risasi tano ndani, kilo 4 na ushee. Kwa hiyo onyesho la Septemba 1916 linaweza kuwa na zote mbili upande wa Wajerumani bila kusema uongo, na mkiwapa baadhi ya waigizaji ya zamani na wengine mpya, mtakuwa mmeonyesha vita ilivyokuwa kweli, watu wa jeshi moja hawana silaha moja.

Upande wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, silaha iliyozoeleka ilikuwa Albini, nayo ya milimita 11, risasi moja moja, ila haina mkono wa kukoki. Juu ya chemba kuna kifuniko unachokiinua na kukilaza mbele. Waliokuwa na bahati walikuwa na Mauser ya Kibelgiji ya 1889. Usiwape hao bunduki sawasawa na za Wajerumani. Tofauti ya kifuniko na mkono itawasaidia watazamaji walio mbali kutambua nani ni nani, hasa kwa kuwa pande zote mbili walikuwa Waafrika waliovaa kaki.

Hilo nalo lisemwe wazi kwenye onyesho lenu, na naomba mlichukulie kwa uzito. Vitabu vinamtaja Jenerali Charles Tombeur upande wa Wabelgiji na Kurt Wahle upande wa Wajerumani. Waliolala kwenye mahandaki ya Usoke, Lulanguru na Itaga kabla ya mji kuchukuliwa tarehe 19 Septemba 1916 walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na watu wa makabila ya Kongo. Nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi, wengi wao wakiwa wamekamatwa vijijini kwa nguvu, na wengi hawakurudi. Mkiwa na waigizaji ishirini, sita wabebe bunduki na kumi na wanne wabebe mizigo. Mtakuwa karibu zaidi na ukweli, na bajeti yenu ya bunduki itashuka.

Na kama mna hamu ya magobore, hayo yana onyesho lake, na si hili. Mwenye Tabora ana haki ya kuigiza ruga-ruga, wale wapiganaji wa Mtemi Mirambo, au Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893 alipoona majeshi ya Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani, yamevunja ngome yake aliiwasha ghala ya baruti akiwa ndani. Silaha za watu wale zilikuwa za kushindilia zilizoletwa na misafara ya pembe kutoka pwani. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliyafunga mataifa ya Ulaya kutopeleka raifali za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, yakaruhusiwa magobore ya gumegume, yanayowashwa kwa cheche ya jiwe, yasiyo na mfuo ndani ya mtutu. Wakoloni wakabaki na Mauser, wenyeji wakabaki na gobore, na mkibuni onyesho la Isike siku moja, silaha zenyewe zitaeleza nusu ya habari.

Turudi kwenye bunduki zenu. Tengenezeni za mti.

Mko mahali pazuri kuliko wote kwa kazi hii. Mninga wa Tabora una rangi ya hudhurungi inayokaribia kitako cha bunduki ya kale, unachongeka bila kupasuka, na ukiupaka mafuta badala ya vanishi inayong'aa unafanana na mti ulioshikwa na mikono miaka mingi. Mabaki ya ubao kwenye karakana za samani yanatosha. Hamhitaji kununua gogo. Mchoreni umbo lote kwenye karatasi ngumu kwa ukubwa halisi, mkate, ndipo mchongaji afuate. Kitako cha Mauser 71 kimenyooka pale mkono unaposhika. Msiweke kishikio kama cha bastola, hicho ni cha bunduki za baadaye.

Mtutu ndio ulio na sheria yake, na sheria hii ni yangu, naisisitiza: usiwe bomba. Kamwe. Bomba la chuma lenye tundu, likifungwa kwenye mti wenye umbo la bunduki, mbele ya polisi hilo ni gobore ambalo halijakamilika, na hutakuwa na maneno ya kujitetea. Tumieni shafti nzima isiyo na tundu. Shafti ya milimita 20 ina uzito wa karibu kilo 2.5 kwa mita, hivyo kipande cha sentimita 85 kinakupa kilo 2 na kidogo, na pamoja na mti bunduki yako inakaribia kilo 4 bila kuongeza kitu. Mdomoni mwa mtutu fundi wa mashine achimbe kishimo cha sentimita moja tu, kipakwe rangi nyeusi. Kwa mtazamaji ni tundu, kwa mkaguzi ni chuma kizima. Mkono wa kukoki uchongwe kwa mti mgumu au chuma, utembee mbele na nyuma juu ya mfereji wa kina kifupi, lakini pasiwe na chemba, pasiwe na pini ya kugonga, pasiwe na chochote kinachoweza kupokea risasi. Msimwombe fundi wa kuchomelea "aifanye iwe kama ya kweli". Fundi mzuri atajitahidi, na hapo ndipo atakapovuka mstari.

Uzito usiupuuze. Mwigizaji aliyebeba kipande cha plastiki hukimbia kama anayecheza mpira. Mwenye kilo nne mkononi mabega yake yanashuka yenyewe, anaihamisha kutoka bega hadi bega, anaegemea nayo akipumzika. Hayo hayafundishwi na mwongozaji.

Singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki, iwe ya mti mwepesi wenye ncha ya duara au ya mpira, na isitoke alani wakati wa kukimbia. Katika kazi hizi nimeona majeraha mengi zaidi kutokana na vitako na ncha za mti kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo hata bunduki ya mti haimlengi mtu usoni na haitumiki kupiga. Wafunzeni hivyo tangu zoezi la kwanza.

Kwa moshi, chukueni pipa lenye majani mabichi juu ya makaa, nyuma ya uwanja upande upepo unakotokea, na mtu wa kulisimamia mwenye ndoo ya maji na mchanga. Mlio wa Mauser 71 ni mzito, wa kifua, kwa hiyo ngoma kubwa inapigwa mara moja kwa kila safu inayofyatua, na inafanya kazi vizuri kuliko spika. Msitumie fataki za sherehe bila kibali cha polisi, na msirushe unga hewani karibu na moto. Unga ukitawanyika hewani hulipuka.

Mavazi. Kaki ya kawaida ya rangi ya udongo ndiyo sahihi kwa pande zote mbili, na ndiyo salama. Mabakabaka yasionekane kabisa. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo, na jeshi halifanyi utani na jambo hilo. Askari wa Kijerumani alivaa kofia ya kaki yenye umbo la tarbushi, na kitambaa cha nyuma cha kukinga shingo, na vitambaa vya kuzungushia miguu kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Fundi cherehani yeyote wa sokoni anaviweza.

Kabla ya zoezi la kwanza la hadharani, pelekeni barua kwa OCD, nakala kwa Afisa Utamaduni wa manispaa. Msingoje siku mbili kabla ya onyesho. Barua itaje kikundi na usajili wake BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, tarehe, saa, mahali, idadi ya bunduki za mti, na majina ya wanaozitunza, na iambatanishwe na picha za bunduki mbili tatu zikionyesha mdomo wa mtutu uliozibwa. Kisha mwende na moja mkononi, imefungwa kwenye turubai, mkamwonyeshe. Mwombeni atume askari mmoja siku ya onyesho. Wengi hufurahi kuja, na uwepo wake unawatuliza wapita njia. Mazoezi yafanyike ndani ya uzio, mchana. Msifanye karibu na Boma la Wajerumani, kwa sababu liko mikononi mwa jeshi, hata kama macho yenu yanaona pale ndipo penye picha nzuri. Na mkienda Lulanguru au Itaga kujifunza ardhi, tembeeni na kutazama tu. Kuchimba kutafuta maganda na vyuma vya vita hakuruhusiwi bila leseni ya Mambo ya Kale, na kombora la miaka mia moja lililo ardhini halijasahau kazi yake.

Kigoma kunahitaji uangalifu zaidi. Mkoa ule uko mpakani, unatazamana na Burundi na Kongo, na wakazi wake wameishi na ujambazi wa bunduki barabarani, mabasi yakisindikizwa na polisi. Mtu wa Kasulu au Kibondo akiona mtu ameshika kitu kama bunduki jioni, haulizi kama ni ya mti, na polisi wa doria hana muda wa kukigonga kitako asikie. Barua ya OCD wa Tabora haiwatoshi kule. Andikeni nyingine kwa OCD wa Kigoma, ijibiwe kabla hamjakata tiketi. Kwenye treni bunduki zisafiri kwenye makasha yaliyofungwa kwa misumari, yenye maandishi ya vifaa vya maigizo na nakala ya barua ndani na nje, na mkuu wa kituo Tabora ajulishwe kabla ya kupakia. Asiwepo mwigizaji anayebeba ya kwake begani kwa sababu anaona ni rahisi zaidi.

Mkifika huko, waambieni watu wa Kigoma habari ya mzinga wa mti, maana ni ya kwao. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyozamia Rufiji. Mwaka 1916 mzinga ule ulihitajika nchi kavu, ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa wa mti. Waingereza waliiogopa meli ile mpaka Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwezi Julai. Onyesho lenu likiwa na tukio hilo, mzinga wenu wa mninga hautakuwa mfano wa kitu kingine, utakuwa ndio wenyewe.

Gharama nayo ulitaka kuijua, nadhani. Mabaki ya mninga, shafti, rangi na mafundi wawili, bunduki moja ya mti itakugharimu sehemu ndogo sana ya fedha ya raifali yenye leseni. Anzeni na moja. Ipimeni kwenye mzani wa sokoni, ipelekeni kwa OCD, na akishaikubali hiyo ndipo mchongaji atengeneze nyingine kwa kufuata ileile. Kila moja ichongwe namba chini ya kitako, na awepo mtu mmoja wa stoo anayezitoa na kuzipokea kwa daftari na kufunga kwa kufuli baada ya zoezi. Huyo mtu wa stoo mchagueni kabla hamjamchagua atakayemwigiza Tombeur.